Suruali ya Fundi Rangi

Mama mkwe hakuficha. Asubuhi ile fundi rangi alipoingia sebuleni kutafuta ovaroli yake, alimkuta bibi huyo anapiga deki, na tambara alilolishika bado lilikuwa na mfuko wa kuwekea brashi.

"Hiyo si ovaroli yangu, mama?"

"Ilikuwa. Mke wa mwanangu hapiti njiani miguu imejichora kama mwanamume."

Fundi akamgeukia mumewe. Mume alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Si uvae tu gauni, mke wangu? Kwani litakuua?"

Miaka sita alikuwa amevumilia katika nyumba ile. Alifunga kitambaa kichwani, akapiga magoti kusalimia, akaacha hata kucheka kwa sauti. Kazi ya rangi tu ndiyo aliyoing'ang'ania, maana alifundishwa na marehemu baba yake. Na siku hiyo alikuwa anaanza kupaka zahanati, kazi kubwa ya kwanza kupewa peke yake. Akavaa gauni, akaenda.

Saa tatu alikuwa juu ya ngazi. Saa tatu na nusu mafundi bomba wote walikuwa wamegundua kwamba bomba bovu liko chini ya ngazi ile ile.

"Fundi, huko juu kuna upepo?" mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

Mkono mmoja alishika gauni, mwingine brashi, ngazi akaishikilia kwa imani tu. Mguu ukateleza, akaning'inia, ndoo ikamwagika sakafuni. Msimamizi akaja uso umemvimba.

"Kesho ukija na gauni, usipande. Kazi nampa mwingine. Mimi sitaki kuokota maiti hapa."

Kesho yake fundi alivaa suruali ya mumewe, akaikaza kiunoni kwa kamba, akatoka chumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kama komeo.

"Vua suruali ya mwanangu!"

"Niivue hapa hapa, mama?"

"Mshenzi wewe! Huna haya!"

"Haya ninayo. Jana wanaume watano walinichungulia kwa sababu ya gauni ulilotaka wewe. Leo hawataona kitu."

"Nani alikutuma upande ngazi? Kaa nyumbani upike!"

Kumbe! Fundi akamtazama vizuri. Hata angevaa gunia lenye mikono, bado vita vingekuwapo.

"Ukivuka hapa," mama mkwe akasema, "usirudi."

Fundi alimwomba Mungu kimoyomoyo amfupishie ulimi, akapita. Siku hiyo alimaliza ukuta mzima wa mapokezi, na hakuna aliyemwuliza habari za upepo.

Jioni alikuta mlango umefungwa, begi lake liko nje. Mumewe akasema kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, "Mwombe mama msamaha tu, yaishe."

"Kwa kosa gani?"

Mume akageuka nyuma. Mama yake akajibu kutoka ndani, "Mwache akaolewe na ngazi!"

"Heri ngazi, mama. Nikiiegemea, inanishika."

Pazia likashushwa. Fundi alisubiri kidogo, labda komeo lingelia. Halikulia. Akajitwika begi, akashika njia ya kwa shangazi yake, akitembea haraka, maana dari la wodi lilikuwa bado halijaguswa na alitaka kesho kufika kabla ya mafundi bomba.