Kutupa Si Kushindwa

Ukifika mtaa wa Simi-Simi ukimtafuta Papa Rashidi, usiulize fundi gani anashona vizuri. Mafundi wa kushona wamejaa mji mzima. Ulizia mtu anayejua kutupa karata, na mtu wa kwanza utakayemkuta atakuonyesha barza yake, pale mbele ya nyumba.

Mchezo wenyewe unaitwa Ya Chini. Rashidi aliupata ujanani kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki ambaye yeye alikuwa akimshonea mapazia, akauleta nyumbani, mtaa ukaupenda. Kila mtu anapewa karata saba: mbili za kwanza zinafunikwa, nne zinazofuata zinawekwa wazi, ya mwisho inafunikwa tena. Katika saba unachagua tano, na mwenye tano ndogo kuliko wenzake ndiye anayeshinda. Asi inahesabiwa moja, ndogo kuliko zote. Mfalme, anayetisha katika michezo mingine yote, hapa ni takataka tu. Na kibaya kupita vyote ni mapacha, yaani karata mbili za namba moja. Ukibaki na mapacha katika tano zako, hata mwenye mfalme anakupita. Asi, mbili, tatu, nne, tano: hiyo inaitwa ngazi ndogo, na juu ya ngazi ndogo hakuna kitu.

Wanacheza kwa punje za mahindi: anayejiamini anasukuma zake katikati, asiyejiamini anatupa karata, na wengine wote wakitupa, aliyebaki anashinda bila kufunua zake. Rashidi ni Mwislamu, tena wa ukoo wa zamani pale mjini, na kamari haikanyagi barzani kwake. Sheikh alipopita siku moja akauliza kulikoni, akaambiwa mahindi yote yanaishia kwa kuku. Akacheka, akaenda zake.

Sasa, watu wengi wakishika karata wanaishika kama mali ya urithi. Rashidi hapana. Asipopata ndogo tatu tofauti mwanzoni, anatupa. Akiona ile mbili anayoitaka imeshalala wazi mbele ya mwenzake, anatupa. Karata mbaya haiponi kwa kusubiriwa, ndivyo anavyosema, na kutupa si kushindwa. Lakini akisukuma mahindi yake katikati, ujue anazo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemkuta amesukuma uongo, hata mara moja. Ndiyo maana akisukuma, wenzake wanatupa bila kubisha.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, nje ya karata, hakujua kutupa chochote. Mitumba ilikuwa imemmalizia wateja. Karima, binti wa pekee wa Rashidi na mkewe Ramla, aliolewa Bengamisa, nje ya mji, ana watoto ambao babu yao aliwaona mara chache mno. Shamba la mama yake Ramla hukohuko lilikuwa linarudi kuwa pori. Ramla alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia kwa kunyamaza: twende. Rashidi alijibu kwamba mteja atarudi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Hapa alikuwa Papa Rashidi. Kule angekuwa mzee wa kwao Ramla, basi.

Alasiri moja Ramla aliweka chini sahani ya samaki, akafuta mikono, akasema wayamalize kwa Ya Chini. Mchezo mmoja tu. Akishinda yeye, wanahamia Bengamisa. Akishinda mume, hatalitaja jambo hilo tena. Papa Ambroise, Mnande mwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara, aliitwa kugawa karata. Alikuja mbio, maana mambo ya watu ni matamu.

Rashidi alifunika tatu na sita, na mbele yake ikalala asi. Moyo ukamtulia. Mwanzo gani mzuri kuliko huo? Ikafuata nne. Bado vizuri. Kisha ikaja tatu, ile aliyokwisha kuwa nayo chini. Kisha sita, vilevile. Kwa nje, asi, nne, tatu, sita: mtu angetetemeka kuziona. Kwa ndani zilikuwa zinaoza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ramla mbele yake alikuwa na tano, mfalme, mbili na tisa, mchanganyiko wa ovyo, lakini hata ovyo ule ungeweza kuwashinda mapacha.

Ambroise akagawa ya mwisho. Rashidi akaichungulia. Asi ya pili. Mapacha juu ya mapacha.

Kanuni yake aliijua, aliwafundisha wengine: tupa. Lakini kutupa hapo ni kufunga mashine ya kushonea na kuondoka. Alikitazama kiti chake, akautazama mlango wake, akaona uchungu wa kweli. Halafu akaweka viganja vyote viwili nyuma ya mahindi na kuyasukuma yote katikati.

Ramla hakuangalia mahindi. Alimwangalia mumewe usoni, kwa muda mrefu. Mwishowe akazikusanya karata zake, akazigeuza kifudifudi, akazitupa.

“Bon, Papa Karima,” akasema. “Tunabakia.”

Akachukua sahani, akaingia ndani. Ambroise alimpigapiga Rashidi begani, akarudi dukani.

Desturi ya barza ile ni kwamba karata iliyotupwa haiangaliwi. Rashidi mwenyewe ndiye aliyeiweka. Siku hiyo aliivunja. Alifunua zile za Ramla zilizokuwa zimefichwa: asi. Tatu. Nne. Akaziweka kando ya mbili na tano. Ngazi ndogo kamili.

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Akachukua mapacha wake, akawapeleka jikoni, akawaweka mbele ya mkewe.

“Nilikudanganya.”

“Nilijua. Uliangalia kwanza mlango, ndiyo ukasukuma.”

“Na ulikuwa na ngazi. Juu ya nini ukatupa?”

Ramla aligeuza ndizi kwenye mafuta kwanza.

“Niliona vile unaogopa. Sipendi kwenda na mutu mwenye nimemushinda. Na si ni wewe unasemaka kutupa si kushindwa?”

Rashidi alivuta kigoda karibu na jiko. Alikaa palepale mpaka ndizi zikaiva, wakala pamoja.

Asubuhi Ambroise alivuka barabara na mkate wa kumpongeza mshindi. Alimkuta Rashidi amepiga magoti barzani, mashine imelazwa ubavu, anafungua skrubu za meza moja baada ya nyingine na kuziweka ndani ya kikombe zisipotee.

“Papa Rashidi! Si ulishinda jana?”

“Nilishinda,” Rashidi akasema bila kuinua kichwa. “Shikilia hapa kidogo. Tunaenda Bengamisa.”