Siku Waliyotua Mwezini Tena

Juzi runinga ilionyesha matajiri wakipanga kuhamia sayari ya Mirihi, nikaizima kwa hasira.

Mwaka wa 1969 nilikuwa msichana mdogo, kwetu milimani juu ya Nkubu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na hewa ilinuka maganda ya kahawa. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua tangu asubuhi. Majirani walimbeba kwa kitanda kumpeleka hospitali ya Nkubu, lakini mtoni wakakuta daraja limesombwa. Maji yalinguruma hata hatukumsikia akilia.

Mwalimu wetu akaja mbio na redio yake. "Wanaanga wametua mwezini tena!"

Nilifurahi sana. Nilidhani wakirudi watapitia kwetu. "Baba, waambie wamvushe Mama kwanza," nilisema.

Baba alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, zima hiyo kitu! Mwezini wamefika mara ya pili, na mke wangu hawezi kufika Nkubu hata mara moja?"

Sasa najua roketi haikuwa na njia ya kupitia kwetu. Lakini sijaona bado kosa katika swali la Baba.

Maji yalipungua jioni. Mama alivuka, akapona. Mtoto alizaliwa amekufa, na Baba akamzika kabla hatujampa jina.