Michoro ya Nyakoe na Kikao Kilichoitishwa Sabato

Nilifika Nyakoe, soko dogo la huku Kisii, kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nikienda Nyamira, ambako mtu aliniambia kuna shule inatafuta wapaka rangi, lakini mvua ya huku haikuulizi unakwenda wapi. Nikajibanza chini ya mabati ya duka moja la kutengeneza redio. Ndani alikaa mama wa miaka sitini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi, mbele yake redio iliyofunguliwa tumbo.

Nikamwuliza kile kidude chekundu kina kazi gani. Akanieleza. Nikamwuliza cha pili, akanieleza. Kwa cha tatu akaokota tochi.

"Kama utaendelea kuuliza," alisema, "basi shika hii tochi uniangazie."

Nikaishika. Mvua ilikatika, mimi nikabaki, na hiyo ni miaka miwili sasa. Ile shule sijui ilipakwa rangi gani.

Watu wa sokoni humwita omong'ina, kama wanavyoitwa akina mama wazee kwetu kwa heshima, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita momura, kijana, ingawa nilikuwa nimeshapita thelathini. Nilimwambia ukweli wangu siku ya kwanza: niliacha shule darasa la saba. Karo ililipwa na wazazi wote walikuwa hai. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na dawati lake. Tangu hapo nimechuma majani chai Nyamache, nimepakia mawe, nimelisha kuku wa watu, na kwa mwaka mmoja nilikuwa na meza Suneka, chini ya mwavuli wa kijani, yenye kompyuta kuukuu. Watu waliniletea memori kadi, nami nikazijaza nyimbo, mahubiri na filamu. Nyimbo zilikuwa za nani, sikuwahi kujiuliza. Mimi, ninayejiuliza kila kitu.

Hilo la Suneka sikumwambia omong'ina. Halikuja akilini kama jambo la kusema.

Kazi yake ilitegemea michoro. Kila redio, kila amplifaya ya kanisa, ina mchoro unaoonyesha waya gani unakwenda wapi. Zamani mchoro ulikuja ndani ya boksi pamoja na mashine. Siku hizi hauji, na viwanda vingi vimeacha kabisa kuchapisha vitabu vya michoro hiyo. Lakini kuna tovuti moja ambako mafundi wa dunia nzima huweka michoro waliyonayo, na fundi mwingine akiihitaji anaichukua bure. Omong'ina hakuwa wa kuchukua tu. Akikuta redio isiyo na mchoro popote, alikaa nayo siku mbili tatu, penseli mkononi na daftari la shule mbele yake, akifuata kila njia ya shaba hadi mwisho. Mimi nikapiga picha kurasa zile na kuziweka kwenye tovuti. Shukrani zilikuja kutoka nchi ambazo nililazimika kuzitafuta kwenye ramani. Nilimsomea zote.

"Huyo wa Bolivia anasema yake imelia."

"Imelia nini?"

"Muziki, omong'ina."

"Sawa basi."

Halafu mwezi mmoja tovuti ilipotea. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kililalamikia kitabu kimoja cha michoro kilichokuwemo, na kampuni iliyoihifadhi ikaifunga yote. Redio zikajaa kwenye duka mpaka tukawa tunaingia kiubavu. Kulikuwa na amplifaya ya familia iliyokuwa na mazishi, wakimsihi aharakishe. Akaifungua kwa kubahatisha, na ikatoa moshi. Alivaa koti lake akaenda mwenyewe mpaka kwenye boma lile kuwaambia kwamba ameiunguza. Sijamwona akitembea polepole vile, kabla wala baada.

Wiki tatu baadaye tovuti ilirudi, bila kile kitabu kimoja. Omong'ina alisema hivyo ndivyo ilivyopaswa kufanywa tangu mwanzo: kitabu kimoja kimelalamikiwa, kitoke kitabu kimoja.

Kwa hiyo niliposoma kwenye simu kuhusu mswada mpya wa kupambana na wizi wa kazi za watu mtandaoni, niliusoma wote, kifungu kwa kifungu, nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda. Mengi yalikuwa ya haki. Kisha nikafika kwenye kifungu kilichosema kwamba mwenye kazi akilalamika, kampuni za intaneti zitaifunga tovuti nzima nchini ndani ya siku chache. Nikamsomea omong'ina.

"Soma tena hapo pa hakimu," akasema.

"Hakuna hakimu, omong'ina."

"Ndiyo maana nakwambia usome tena."

Nikasoma tena. Hakimu hakuwemo. Wala mwenye tovuti hakuulizwa kitu kabla ya kufungiwa. Akaweka chini chuma chake cha lehemu na kutazama rafu ya madaftari.

Likaja tangazo kwamba wajumbe wangefika mjini Kisii kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mswada huo. Nilipata moto. Nilikwenda Nyamache, nikaenda Suneka, nikapanda hadi Nyamira, nikiongea na mafundi, wenye saiba, vile vibanda vya intaneti, walimu wanaotoa mitihani ya zamani mtandaoni, viongozi wa kwaya. Wote walinisikiliza vizuri, na wote wakasema, "Sawa, tutajaribu." Nikaandika karatasi kubwa na kuibandika mlangoni: Kikao cha maoni, Jumamosi saa tatu asubuhi, omong'ina atasema kwa niaba ya mafundi.

Alikuja na mwavuli wake, akasimama, akaisoma. Akavua miwani.

"Momura, umekaa na mimi muda gani?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na Jumamosi huniona wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, yeye hufunika vifaa vyake kwa kitambaa cheupe, na hakigusi mpaka Jumamosi jioni. Nilikuwa nimekikunja kitambaa hicho zaidi ya mara hamsini. Mimi nimelelewa Mkatoliki, na kwetu Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Nilizunguka sehemu zote hizo nikiwaita Wasabato kwenye kikao siku ya Sabato, na wao, kwa adabu yao, hakuna aliyenitia aibu. Huku kwetu "tutajaribu" ni hapana iliyovaa koti.

"Nitakwambia nini?" nilisema. "Nisamehe."

"Usiniombe msamaha. Waite waje Ijumaa. Waandike barua. Barua hazina Sabato."

Ijumaa alasiri duka lilijaa. Wengine walikaa juu ya masanduku ya spika, wengine walisimama nje chini ya mabati, karatasi zimetandazwa juu ya televisheni mbovu. Mwenye saiba kutoka Suneka alitaka tuandike kwamba mtandao haufai kuwa na sheria yoyote.

"Hapana," alisema omong'ina. "Mwizi ni mwizi. Andika hivyo kwanza."

"Omong'ina, sasa tunapinga mswada au tunausaidia?"

"Tunapinga kufungiwa mlango na mtu ambaye hata jina hajatuuliza."

"Basi hilo nalo liandikwe."

"Wewe si una kalamu?"

Mwalimu mmoja alisahihisha tahajia za wote kama yuko darasani, akalalamikiwa, akaendelea. Omong'ina aliandika yake kwa penseli ile ile ya michoro, akitazama mara kwa mara kilima ambako jua lilikuwa likishuka. Alimaliza, akafunika vifaa, akanipa bahasha.

"Utasoma wewe."

"Mimi? Mimi ni wa darasa la saba!"

"Wamesema maoni ya wananchi. Hawakusema ya darasa la ngapi."

Asubuhi ya Jumamosi ukumbi ulikuwa na viti vingi kuliko watu. Wajumbe walikaa mbele na chupa zao za maji. Niliketi nikiwa na furushi la barua mapajani, nikiisoma ya omong'ina kimoyomoyo ili nisikwame.

Kabla yangu alisimama mwanamuziki, mtu wa makamo aliyevaa koti la kahawia, na alisimama kuunga mkono mswada. Hakupiga kelele. Alisema ameimba miaka kumi na kadhaa, na sauti yake anaisikia kwenye vibanda na harusi ambazo hakualikwa, lakini hakuna anayemjua.

"Suneka," alisema, "kulikuwa na meza chini ya mwavuli wa kijani. Nilisimama pale nikamwona mtu akijaziwa nyimbo zangu. Nikamwuliza yule muuzaji, hizi ni za nani? Akaniambia, ni za Kikisii."

Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemjibu bila kuinua macho.

Wakaniita. Nikatembea hadi kwenye kipaza sauti, nikafungua barua, na maneno ya kwanza yaliyotoka hayakuwa ndani yake.

"Mwavuli ule wa kijani ulikuwa wangu."

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Basi mkamateni tumalize kikao!" Watu wakacheka. Mwanamuziki hakucheka.

"Anasema kweli," niliendelea. "Nilimwibia. Sikujua, lakini pia sikuuliza. Anishtaki, niko hapa na kitambulisho changu. Ila nimeusoma huu mswada wote, na hakuna mahali utakaponifikia mimi. Utafunga tovuti ya michoro ya mafundi, ambayo hata wimbo mmoja haina."

Ndipo nikasoma barua ya omong'ina. Nilikwama mara mbili tu. Nilipomaliza, mwenyekiti, mama aliyekuwa akiandika muda wote, aliniuliza kwa nini mwenye barua hakuja mwenyewe.

"Yuko kanisani."

"Na hawa wengine wote walioandika?"

"Kanisani, mheshimiwa. Wengi wao."

Akatazama viti vitupu, halafu karani wake. "Nani alichagua Jumamosi?"

"Ni siku ambayo watu hawaendi kazini, mheshimiwa."

"Kwa Wakisii," alisema yule mzee wa nyuma, "mmewakosa kazini, mkawakosa na nyumbani."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Walinong'onezana. Jumapili walikuwa na safari ya kwenda mbele, lakini njia yao ya kurudi Jumatatu ilipitia Kisii. Akatangaza kwamba watasimama saa moja tu, hapo hapo, asubuhi.

Jumatatu viti havikutosha. Omong'ina alikuja amevaa kitambaa cha kichwa cha buluu, na redio ndani ya kikapu, juu yake mkungu mdogo wa ndizi wa kumpelekea dada yake mjini. Aliomba meza. Akafungua redio mbele ya wajumbe, akaniambia niwaonyeshe mchoro wake kwenye simu.

"Aliyeunda redio hii ameacha kuiunda," alisema. "Kitabu chake hakiuzwi popote, mimi nimetafuta. Lakini redio bado inaweza kusema, na mwenyewe anaihitaji. Akija mtu akasema mchoro huu ni wake, nitauondoa. Ila anishike mimi na mchoro huu. Anipeleke kwa hakimu nijibu. Asifunge madaftari ya dunia nzima."

Mjumbe mmoja akauliza, na huyu mwanamuziki je? Maana mwanamuziki alikuwa amerudi, ameketi safu ya mbele na koti lake.

Omong'ina akamgeukia. "Ndugu yangu, ukiibiwa ndizi shambani, utataka soko la Nyakoe lifungwe?"

"Nitamtaka mwizi," alisema.

"Mwizi ndiye huyu hapa." Akaninyooshea bisibisi. "Mchukue. Lakini uniachie mpaka saa nane, kuna televisheni hajaifunga."

Safari hii mwanamuziki alicheka, akijaribu kujizuia.

Mswada umeshatolewa upya. Niliusoma siku ile ile ulipowekwa mtandaoni, juu ya kreti ile ile. Sasa kifungu kinasema hakimu kwanza, na mwenye tovuti asikilizwe, na kinachoondolewa ni kile tu kilicholalamikiwa. Haujawa sheria. Unaweza kubadilishwa tena, kwa hiyo kila wiki naenda kuutazama, na omong'ina kila wiki ananiuliza kama hakimu bado yumo.

"Bado yumo."

"Sawa basi."

Mwanamuziki alikuja dukani wiki chache baada ya kikao. Nilidhani ameleta polisi. Alivuta kreti, akaketi.

"Andika," alisema, "kila wimbo wangu unaokumbuka kuuza."

Niliandika nusu ukurasa. Aliongeza nyingine ambazo sikuzijua. Sasa ana ukurasa wake mtandaoni, jina lake juu, niliomtengenezea mimi, na kila wimbo una maelezo ya nani alipiga gitaa na mwaka gani. Nilimwuliza maswali mengi mpaka akaomba maji. Hajasema amenisamehe. Anakuja Alhamisi, tunaongeza mbili tatu.

Begi langu limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kuna mtu ameniambia habari za machimbo ya mawe laini Tabaka, na ningependa kujua yanachimbwaje. Nitakwenda. Lakini wiki hii imeletwa redio ya zamani kutoka Nyamache, ya mbao, ambayo hakuna mtu duniani aliyeichora. Nimetafuta siku nzima. Omong'ina aliitazama, akanisukumia daftari jipya na ile penseli yake.

"Fuata shaba," alisema, "na usiruke."

Nimefika ukurasa wa tatu.