Mbwa Aliyeogelea Kwenye Josho

Mbwa yule nilimwokota kando ya barabara ya Kasoli, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba yetu na malori yao yakawa yanapita vijijini kama yanafukuzwa. Lori lilimgonga kiunoni, miguu ya nyuma ikawa inaburuzika tu. Nikambeba kwenye kanga hadi nyumbani. Mume wangu akaniuliza kama watoto wanne hawanitoshi.

Hakuwa mtu mbaya. Ila kwao mbwa ni wa kulinda zizi, na asiyesimama halindi kitu. Akanipa muda mpaka pamba yetu ichumwe yote. Baada ya hapo angemmaliza kwa rungu, mnyama apumzike. Nilimjua, hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili.

Nikamkimbilia bwana mifugo, ambaye serikali ilikuwa imempunguza kazini na sasa anauza dawa za mifugo nyumbani kwake. Akasema mfupa ni mzima, miguu ndiyo imekufa ganzi. Nimwogeleshe, maji yatambebea uzito naye atajifunza upya kupiga miguu. Maji gani sasa? Lambo tulikuwa tunachota ya kunywa, ningemtia mbwa mle wanawake wenzangu wangenitoa roho. Likabaki josho. Tangu serikali iache kuleta dawa ya kupe, lile shimo refu la zege walimoogelea ng'ombe lilikaa bure, limejaa maji ya mvua.

Kila asubuhi nilimvusha, yeye majini, mimi ukingoni nimeshika kamba iliyomzunguka kifua. Watu walicheka mpaka basi. "Mwangaluka, mama mbwa," wakawa wananiamkia hivyo. Niliwajibu kwa jeuri, lakini siku zilikuwa zinakwisha. Pamba inapasuka, miguu vilevile. Shambani nikawa nachuma polepole kwa makusudi, mimi niliyesifika kwa mkono mwepesi.

Wiki ya tatu mguu mmoja ukapiga maji. Nililia palepale, mtu mzima. Baadaye ukafuata wa pili, na mbwa mwenyewe akalipenda josho hata kukipambazuka tu analia nimpeleke. Nyumbani alipiga hatua tatu, akaanguka. Mume wangu alitazama, kisha akaenda zizini. Pamba ilikuwa imebaki mistari michache.

Kisha wafugaji wakachoka kuingoja serikali, wakachanga, wakanunua dawa wenyewe. Mume wangu alikuwa mmojawapo. Siku ya kuitia joshoni niliijua. Asubuhi nikamfunga mbwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jikoni, nikaenda kuchuma, nikijiambia kwamba mbwa wa hatua tatu hafiki popote.

Mchana nilimkuta mume wangu uani, amelowa hadi kifuani, ananuka dawa, mbwa mikononi anatoka povu, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Alisema wakiwa joshoni walimwona mbwa anakuja mbio. Yeye kwa furaha akawaita wenzake waone, wakasimama wote wakimshangilia, hakuna aliyekumbuka kumzuia, mpaka akapita katikati yao na kujirusha kama nilivyomzoeza. Mume wangu akaruka nyuma yake.

Tulimwosha kwa ndoo baada ya ndoo. Tukamnywesha maziwa, hayakupita kooni. Alipokata roho, mume wangu alikuwa bado amempakata.

"Amekimbia, mama," aliniambia. "Kwa miguu yote minne. Nisingemuua tena."