Hodi ya Mwenye Ufunguo

"Mama mudogo, kama ufunguo ni wako, kwa nini unapiga hodi?"

Aliyeulizwa ni Wivine; aliyeuliza ni Daniella, mtoto wa dada yake, naye ndiye anayeandika haya. Wakati huo alikuwa bado shule ya msingi. Akitoka darasani alipitia kwenye kibanda cha mama yake mdogo pale mtaa wa Majengo, akangoja warudi pamoja nyumbani, mtaa wa Katoyi. Siku hiyo Wivine hakumjibu. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, viganja vimelala juu ya meza kama vya mwanafunzi anayengoja fimbo ya mwalimu. Mtoto akafikiri hakusikia. Alisikia vizuri sana.

Kibanda chake watu walikiita sekretaria. Kulikuwa na kompyuta mbili na mashine ya fotokopi iliyokohoa kabla ya kutoa karatasi, na mlangoni palikuwa na benchi lililowekwa juu ya mawe meusi ya volkano. Wanafunzi wa chuo walimletea kazi zao za mwisho wa mwaka azichape. Ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine, na hakuna aliyemlipa kwa hiyo: Wivine alikuwa msimamizi wa kamusi elezo ya Kiswahili, ile ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika.

Alianza bila kupanga. Mwanafunzi mmoja alitaka sentensi mbili kuhusu ziwa Kivu. Wivine akatafuta, akakuta ukurasa unaosema ziwa hilo limejaa mamba. Akacheka hadi mashine ya fotokopi ikakohoa pamoja naye. Juu ya ukurasa kulikuwa na neno "hariri". Akalibonyeza, akawatoa mamba, akaweka jina la kitabu alichosomea habari ile. Hakuna aliyemuuliza ana diploma gani. Kesho yake alirudi kuangalia kama mamba wamerudi. Hawakurudi. Tangu siku hiyo akanasa.

Miaka ikapita, waandishi wenzake wakampigia kura, akapewa ufunguo. Ndivyo alivyokuwa akiuita mwenyewe. Mwandishi wa kawaida anaandika na kusahihisha. Msimamizi anaweza pia kufunga ukurasa usiguswe, au kumzuia mtu wa matusi asiandike tena. Lakini si bosi. Hilo alilirudia mpaka vijana aliowafundisha siku za Jumamosi wakalisema naye kwa sauti moja: "Ufunguo si kiti cha chifu!" Kisha alikuja na mengine: usichukue upande, usiandike ulichosikia tu, usiguse ukurasa unaokuhusu wewe au mtu wako. Ukiona kosa kwenye ukurasa wa mtu wako, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, jitaje wewe ni nani, omba. Piga hodi kama wengine.

Alimuuliza kila mtu swali moja, chanzo kiko wapi? Aliyekileta alimuuliza tena: umekisoma? Mtaani wakamtia jina: Mama Chanzo.

Muzee Hitimana, mzee wa soko, alilijua jina hilo kwa uchungu. Alikuwa amekuja kutaka aandikwe kwamba yeye ndiye aliyeanzisha soko la mtaa wao.

"Andika tu, mama. Mimi niko hapa mbele yako."

"Chanzo kiko wapi, muzee?"

"Chanzo ni mimi!"

"Wewe ni mwenye habari. Chanzo ni mutu mwingine aliyeandika juu yako."

"Basi mutu huyo afe," akasema Muzee Hitimana, na benchi zima likacheka. Hata hivyo hakuacha kuja. Kila alipopita alitia kichwa: "Mama Chanzo, nimekula asubuhi. Uko na ushahidi?"

Mume wa Wivine aliitwa Guylain, mtu wa Butembo, mrefu, mwenye sauti iliyojaza chumba. Kwenye redio alikuwa na kipindi cha wakulima. Alizungumza juu ya viazi: mbegu, ugonjwa wa majani, namna ya kuhifadhi gizani ili visiote. Wakulima wa Rutshuru hadi milima ya Masisi walimwita Papa Viazi. Mtu wasiyemfahamu alimwandikia ukurasa kwenye kamusi elezo, na Wivine hakuwahi kuugusa, hata pale jina la kijiji alikozaliwa lilipokosewa. Aliomba kwenye majadiliano, likasahihishwa na mwandishi wa Kisangani. Guylain alimtania siku nzima: "Mke wangu anaomba ruhusa kwa watu wa Kisangani ili niwe nimezaliwa!"

Kisha Guylain akapanda pikipiki kwenda upande wa Rutshuru kurekodi wakulima, na vita ikakata barabara nyuma yake.

Simu yake haikupatikana. Watu walishuka mjini wamebeba magodoro na masufuria. Wivine alisimama kando ya barabara akiwatazama usoni mmoja mmoja mpaka macho yakamuuma. Watu walisema mengi. Mmoja alimwona akipanda lori. Mwingine aliona pikipiki tu. Donat, mdogo wake Guylain, akafunga begi akaanza kuzunguka kwenye kambi na mashule walikolala wakimbizi. Na kila asubuhi redio ya Guylain mwenyewe ilisoma jina lake: aliyemwona Papa Viazi, apige namba hii. Wivine alisikiliza tangazo hilo amesimama, kama watu wanavyosimama kanisani kusikia Injili. Mradi jina linasomwa, alijiambia, kuna mtu anatafutwa. Anayetafutwa anaweza kupatikana.

Asubuhi moja jina halikusomwa.

Alidhani ni umeme. Akapiga simu redioni. Mkurugenzi akapokea.

"Mama Wivine, pole sana. Tulifikiri umeisha kujua. Kwenye kamusi elezo yenu iko imeandikwa. Hatuwezi kutangaza tunamtafuta marehemu, watu watatuchekea."

Hakumbuki alivyofika kibandani. Akafungua ukurasa. Pale paliposema "ni mtangazaji" palisema "alikuwa mtangazaji". Mbele yake: alifariki akiwa safarini Rutshuru. Na mwishoni mwa sentensi, namba ndogo ya chanzo, ile namba ndogo aliyowafundisha watoto wa watu kuiheshimu.

Simu ikalia. Ni Donat, yuko mbali, mtandao unakatika.

"Shemeji, nimefuata habari ya mutu mumoja, wanasema yuko na wakimbizi kwenye shule moja huku juu. Mutu murefu. Lakini baba ameniita nirudi Butembo. Wanaweka kilio. Wamelipia misa. Nifanye nini?"

"Usirudi. Donat, usirudi!"

"Nitawaambia nini? Wanasema hata kazi ya mke wake mwenyewe imeandika amekufa."

Mtandao ukakatika.

Hapo ndipo alipoweka viganja mezani. Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake kulikuwa na vitufe vyake vya usimamizi. Kimoja kingerudisha ukurasa ulivyokuwa. Kingine kingeufunga asiguse mtu. Muda wa kunywa funda la chai, na Guylain angekuwa hai tena. Mkono wake ulitoka mezani ukaenda, ukasimama hewani, ukarudi.

Badala yake akafungua ukurasa wa majadiliano, akaandika polepole kama mtu mgeni: "Mimi ni mke wa Guylain. Kwa hiyo siwezi kugusa hapa. Naomba mwingine aangalie. Hatujui kama amekufa. Naomba."

Muzee Hitimana alikuwa mlangoni. Akasoma juu ya bega lake, midomo ikichezacheza.

"Loo, Mama Chanzo. Leo na wewe unapiga hodi kama mimi?"

Ndipo Daniella, aliyekuwa amefika toka shule mchana huo, akauliza lile swali lake. Muzee akamtazama mtoto, akamtazama Wivine, utani ukamtoka usoni. Akavua kofia, akakaa kwenye benchi. Hakuondoka siku hiyo.

Jibu lilitoka kwa Célestin, msimamizi mwenzake wa Kisangani. Miaka yote walikuwa wakiandikiana bila kuonana uso kwa uso.

"Mama Wivine, moyo wangu uko pamoja na wewe. Lakini chanzo kipo. Ni tovuti ya habari. Tukiondoa kwa sababu mke amesema, kesho tutaondoa kwa sababu mbunge amesema. Nisaidie. Kina kasoro gani? Umekisoma?"

Umekisoma. Neno lake mwenyewe. Ni mara ngapi alikuwa amewatupia wengine neno hilo, huku anacheka? Na ukweli ni kwamba hakuwa amekisoma. Aliona namba ndogo na mkono ukakataa kuibonyeza. Redio waliona namba wakaamini. Baba mkwe aliona namba akalipia misa. Célestin alikifungua, akaona kifo kimetajwa kwenye kichwa cha habari, akatosheka. Na yeye, Mama Chanzo, aliogopa kukifungua kwa sababu ndani angemkuta mume wake amelala.

"Nikusomee?" Daniella akauliza.

"Hapana, mama. Anayebisha ndiye anasoma."

Akabonyeza. Kwanza picha ya Guylain, kipaza sauti mkononi, ile aliyompiga yeye mwenyewe siku ya pasaka. Akafumba macho, akayafumbua. Akasoma sentensi moja, akapumzika. Hapakuwa na shahidi. Hapakuwa na mahali. Hapakuwa na siku. Akashuka hadi mstari wa mwisho, akausoma, akausoma tena kwa sauti ili Muzee Hitimana asikie:

"Kwa mujibu wa kamusi elezo ya Kiswahili."

Alicheka. Kicheko kile Daniella hakuwahi kukisikia kabla, wala hataki kukisikia tena. Kilianza kama kicheko na hakikuisha hivyo. Mtu asiyejulikana alikuwa ameandika uvumi kwenye ukurasa. Tovuti ikausoma ukurasa, ikatoa habari. Mwingine akaichukua habari ile, akaibandika kwenye ukurasa kama chanzo. Uvumi ulikuwa umejizaa wenyewe.

Akamwandikia Célestin: "Kisome hadi chini. Kisha angalia historia ya ukurasa, nani alitangulia."

Wakangoja. Mwanafunzi alikuja na karatasi zake, Muzee Hitimana akamfukuza kwa kofia: "Leo hapa kuna mugonjwa!" Wivine alitazama kioo. Alifikiria Donat kituoni, begi mgongoni, gari la Butembo likiwashwa moto.

Célestin akarudi. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Aliondoa sentensi ile, akarudisha "ni" mahali pake, akaufunga ukurasa, akaandika sababu: "Chanzo kinatutaja sisi wenyewe. Kifo hakijathibitishwa. Haijulikani aliko."

Wivine akampigia mkurugenzi wa redio. Mkurugenzi akaenda kuangalia mwenyewe, akarudi kwenye simu.

"Huyu Célestin ni ndugu yenu?"

"Hapana. Hajawahi kumuona Guylain hata kwenye picha kabla ya leo."

"Bon, sawa. Kama mutu asiye ndugu yenu anasema haijulikani, basi haijulikani. Kesho tunasoma jina."

Walilisoma. Butembo walisimamisha kilio, baba mkwe akinung'unika kuhusu misa. Donat, aliyekuwa amekwisha kupanda gari, alishuka njiani simu ilipompata, akarudi milimani kwa miguu.

Aliikuta shule ile tupu. Wakimbizi walikuwa wamehamishwa, kila kundi njia yake. Palibaki mafiga na majivu, na mama mmoja mzee aliyeshindwa kutembea. Donat akamuuliza kuhusu mtu mrefu.

"Alikuwapo," mama akasema. "Alituonyesha namna ya kufukia mbegu za viazi zisioze. Anaongea, anaongea, hachoki. Jina hatukumuuliza."

Donat alipolisema hilo kwenye simu alikuwa akilia. Wivine aliweka simu chini, akavuta kibodi, kisha akaisukuma mbali. Mama mzee asiyejua jina. Kwake ilikuwa habari kubwa kuliko zote. Kwa ukurasa, haikuwa chochote. Hakuiandika popote.

Tangu hapo mji umetekwa na kubadilisha mikono, benki zimefunga milango, na kibanda cha Majengo kimehama mara moja na kurudi. Mashine ya fotokopi imekufa kwa kikohozi chake. Wivine bado anachapa, bado ana ufunguo, bado anasimama redio inapowaka asubuhi, ingawa tangazo lile liliacha kusomwa zamani. Muzee Hitimana bado hajaandikwa. Ukurasa wa Guylain bado unasema "ni". Mara kwa mara mtu fulani anakuja kuandika "alikuwa", na Célestin anamuuliza swali lile lile: chanzo kiko wapi? Wivine anatazama tu.

Daniella sasa yuko sekondari, naye anaandika kwenye kamusi elezo, na amekwisha kufokewa kwenye majadiliano na watu wasiomjua. Juzi walikuwa wamekaa kwenye benchi, mvua inapiga bati, hakuna mteja. Akasema kile kilichomkaa rohoni tangu utotoni: kama siku ile mama mudogo angebonyeza tu, pengine Donat asingepanda gari la Butembo. Pengine angefika shule ile mapema. Kisha akauliza tena, kwa maneno yale yale, kwa nini mwenye ufunguo alipiga hodi.

Wivine alitazama mvua hadi Daniella akafikiri, kama zamani, kwamba hakusikia.

"Hiyo ya Donat naiwazaka kila siku, usifikiri," akasema. "Lakini sikia. Siku ile ni mimi peke yangu katika dunia nzima niliyesema yuko hai. Ningefungua na ufunguo wangu, ningeingia, ningekuwa bado peke yangu. Nilitaka mutu mwingine anifungulie toka ndani."