Namba Iliyogoma Kuwa Sifuri

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi redio, na kwa kujishuku hana mpinzani. Redio ya mteja ikigoma, kwanza anajilaumu mwenyewe: labda kipimo chake kimelegea, labda macho yake. Wateja wanampendea hilo. Mimi linanikera.

Mama yetu alianza kulalamika kwamba ukuta wa bafu unamtia ganzi akiuegemea. Kaka akasema ni uzee. Wifi hakucheka. Alizima swichi kuu, akakata waya unaotoka kwenye swichi hiyo kupeleka umeme ndani, akakaza ncha zake mbili kwa skrubu kwenye kibao cha kupimia mkondo, kidogo kama kiberiti. Kutoka hapo akavuta nyaya tatu nyembamba hadi kwenye kompyuta yake ndogo: mmoja wa kukipa kibao umeme, mmoja wa ardhi, mmoja wa kuleta vipimo.

"Chomoa kila kitu, wifi," akaniambia.

Nikachomoa friji, pasi, hata chaja ya simu. Akawasha swichi kuu. Kioo cha kompyuta kilipaswa kuonyesha sifuri. Kikaonyesha sifuri nukta nne.

"Hapo nimekosea mimi," akasema. Akazima, akachomea upya waya wa ardhi, akawasha. Namba ileile.

"Na kama hujakosea?" nikamuuliza.

"Vibao hivi vya bei rahisi vinazaliwa na uongo wao. Ukishaujua, unautoa."

Akaiandikia programu ipunguze hiyo nukta nne kila inaposoma. Sifuri ikatokea. Kaka akapiga makofi.

"Mama, nenda kaoge bila wasiwasi," akasema. "Fundi amepima, hakuna kitu."

Mama akabeba taulo lake, akaingia bafuni. Tukasikia maji yakifunguliwa.

Namba ikasogea. Nukta moja. Nukta tatu.

"Nani amechomeka kitu?" wifi akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameinuka. Nukta sita. Ilikuwa inapanda kadiri ukuta wa bafu ulivyolowa, na nilimwona wifi akielewa, uso ukimshuka. Kibao hakikuwa na uongo wowote; ile nukta nne ilikuwa umeme unaovuja ukutani.

"Mama! Usiguse ukuta!"

Wifi alipiga kelele, akarukia swichi kuu, mimi nikakimbilia mlango wa bafu. Swichi ikashuka. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, nikimwita mama yangu. Ndani maji yaliendelea kumwagika, na hakuitika.