Tanuri Lililozimika Dakika ya Tisa

Nafula ni mtu wa kutaka kujua. Kwao Webuye alichapwa akiwa na miaka saba kwa kuvunja mayai mawili ya kuku aliyeatamia, ati aone vifaranga wamefikia wapi. Kiboko hakikumfunza kitu. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, ni mfanyakazi wa nyumbani huko Umm Salal, kaskazini mwa Doha, na bado hawezi kupita kitu kilichofungwa bila kujiuliza ndani kuna nini.

Nyumba anayofanyia kazi ina tanuri la gesi la kupasha vyumba joto. Watu hucheka wakisikia hivyo, maana Doha yenyewe ni tanuri sehemu kubwa ya mwaka. Lakini upepo wa Januari una meno, na mama yake madam mwenye nyumba, ajuza wa miaka themanini, ana kifua kisichostahimili baridi. Basi wakaweka mashine inayovuta hewa kupitia tundu kubwa la ukutani, chini kwenye ujia, kuipasha na kuirudisha vyumbani.

Majira haya mashine ikaanza visa. Ingewaka, ingevuma, na ikifika dakika ya tisa moto ungezimika na taa nyekundu kupepesa mara nne. Fundi alikuja mara mbili. Kwanza alibadilisha swichi ya usalama, kisha akapima gesi. Alipouliza kuhusu chujio la hewa akaambiwa limebadilishwa juzi juzi, asijisumbue kulifungua.

Wa kubadilisha chujio kila tarehe mosi ni Athanas, dereva, Mkenya mwenzake Nafula. Fundi alipokosa kasoro nyingine, madam akaona Athanas alidanganya kwamba amelibadilisha, na lawama zote zikamwangukia. Madam akamwambia mkataba wake unaisha mwezi huo na hatauongeza, kwa kuwa mama yake alikuwa amekohoa wiki mbili kwa uvivu wa mtu mmoja.

"Nilibadilisha hiyo filta, dada, haki ya Mungu," Athanas alimwambia Nafula jikoni. "Lakini dereva akisema, nani ataskia?"

Nafula alimwamini. Siku tatu baadaye, Athanas alipompeleka madam madukani Al Sadd, alikwenda kwenye chumba cha mashine akafungua kifuniko. Kwa ndani palikuwa na karatasi ya maelezo. Akaipiga picha, simu ikamtafsiria: taa ikipepesa mara nne, joto limezidi na swichi imekata moto.

Kumbe swichi ilikuwa inafanya kazi yake. Sasa joto lizidi kwa nini? Mpishi hujua kwamba sufuria yenye maji kidogo huungua upesi, na Nafula akajiuliza kama hewa nayo si hivyo hivyo. Akachukua karatasi laini ya mezani, akaishika mbele ya tundu la ujiani. Mashine ilivyokuwa inavuma, karatasi ilipaswa kunata pale. Ikaanguka sakafuni: hewa haikuwa ikivutwa. Alifurahi mno, hata akarudia mara tatu kwa raha tu.

Akazima mashine, akavuta chujio. Lilikuwa na siku kumi na tatu, lakini lilikuwa jeusi na linanata kama masizi ya jikoni yaliyoloa mafuta, vumbi limeganda juu yake. Akalisogeza puani.

Lilinukia udi. Furaha yote ikamwisha.

Ni yeye aliyefukiza udi kila alasiri, kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo. Zamani alikibeba chetezo chumba kwa chumba. Mwezi uliopita ndipo akagundua kwamba akikiweka chini ya lile tundu, mashine yenyewe inasambaza moshi nyumba nzima. Madam alimsifu, akawatangazia dada zake. Nafula alitembea na sifa hizo wiki nzima.

Angeweza kuweka chujio jipya na kunyamaza. Mashine ingewaka, naye Athanas angeondoka na jina la uvivu. Aliogopa, tena sana. Ana watoto watatu shuleni. Akaketi na lile chujio mapajani hadi gari liliporudi.

Madam alimsikiliza hadi mwisho, mbele ya ajuza aliyekuwa akinywa kahawa.

"Ungebadilisha tu," akasema. "Nani angejua?"

"Hakuna, madam. Lakini Athanas angeenda."

Madam akalichukua chujio, akalinusa. Kisha akamwita Athanas. "Alhamisi utampeleka mama kliniki," akamwambia. "Na Alhamisi zote zinazofuata. Nitauongeza mkataba." Hakuomba radhi, na hakumwambia Nafula neno jingine. Ajuza ndiye aliyemmiminia Nafula kikombe cha kahawa.

Uani, Nafula akamweleza Athanas yote. Alidhani atacheka. Hakucheka.

"Siku tatu nimelala nikijua naenda," alisema. "Nishamwambia mke wangu. Alilia, Nafula. Akaniuliza nilifanya uvivu gani na sisi tuna shida hivi. Hakuniamini."

"Pole, ndugu yangu. Mpigie umweleze."

"Mimi nilishamweleza."

Akabonyeza simu, akamkabidhi. Nafula akasikia sauti ya mwanamke asiyemfahamu ikisema haloo. Akajitambulisha kwa jina lake na la baba yake, kisha akaanza tangu mwanzo.